Ngozi ya Basile Juu ya Moshi ya Samaki

Mbele ya kumuona Basile, ulikuwa unamusikia. Nyi, nyi, nyi. Suruali yake ndiyo ilikuwa inaita vile, paja moja ikisugua ingine, na watu ya njia yote ya kushuka ku muto walikuwa wanajua: bato imefika, Basile ameshuka.

Wanaume ya Kisangani ya ile wakati, mutu akipata mushahara anakimbilia nguo nyeupe, shati yenye kola ngumu, kofia, na viatu ya rangi mbili. Siku ya Mungu, kisha misa, barabara yote ilikuwa nyeupe, ungesema unga imemwangika. Na katikati ya ule weupe, mutu mumoja mweusi toka shingo mpaka chini: koti ya ngozi, suruali ya ngozi, bottes, viatu murefu, ya ngozi. Na jua ile ya kwetu! Jasho ilikuwa inamushuka nyuma ya masikio sawa bomba yenye kuharibika. Watu wanamuuliza:

— Basile, hausikii joto?

— Ninasikia.

Basi. Ninasikia, na anaendelea na safari yake, nyi, nyi, nyi.

Pétronille alikuwa binti ya Papa Félicien, muvuvi ya ku maporomoko. Kichwa yake ilikuwa ngumu. Mama yake, Mama Marthe, alikuwa anasema huyu mutoto alizaliwa na miguu mbele, na tangu ile siku hajageuka. Siku ya kwanza ya kusikia ile sauti, Pétronille alikuwa anaparua samaki magamba mbele ya nyumba yao. Hakuinua macho.

— Mulango ya nani inalia vile? Mumwambie mwenyewe aitie mafuta.

Ile nyi-nyi ikasimama.

— Ninaitiaka mafuta kila juma, mademoiselle. Haiko kulia. Iko kukusalimia.

Pétronille akainua macho. Aliona ngozi inameta sawa mugongo ya ngolo, ule samaki mweusi wa ndevu, ikitoka maji. Na ndani ya ile ngozi, kijana mwembamba mwenye macho ya haya. Ile haya ndiyo ilimushangaza. Ukiona mutu amevaa vile, unawaza ni mutu ya kujisifu, mutu ya makelele akinywa masanga. Kumbe Basile alikuwa mutu ya kimya, mutu ya kuangalia vidole ya miguu yake. Pétronille akarudia magamba yake sawa vile hakuna kitu, na kisu ikamukata kidole.

Basile hakuwa mutu ya maporomoko. Watu yake walitoka upande ya Yanonge, watu ya muto, ya kuuzisha na kununua. Yeye alikuwa graisseur ku bato, maana yake mutu ya kupaka mashini mafuta. Kazi yake ilikuwa chini, ndani ya tumbo ya bato, pale vyuma vinapiga asubui mpaka magaribi. Ile makelele ilikuwa inabaki mu mwili yake hata akishuka. Unamupa kopo ya maji, maji inamwangika, mikono inatetemeka.

Siku moja ku Basoko, mvua ikinyesha, muzungu mumoja mwenye kazi ya kupima barabara akapanda bato na pikipiki yake. Alivaa ngozi yote. Akavua koti, akamutupia Basile aikaushe karibu ya mashini, lakini isiguse chuma. Basile hakuona pa kuitundika. Akaishika ku mikono sawa mutoto muchanga, masaa mbili. Na ile masaa mbili, mikono yake haikutetemeka.

— Uzito yake, alimwambia Pétronille nyuma, wakati walikuwa wamezoeana. Na harufu yake, na vile inakukamata. Nilisikia mwili yangu inanyamaza.

Msichana mwingine angecheka. Pétronille hakucheka. Alijua mwili yenye kunyamaza ni nini, juu alimuona baba yake mara mingi akisimama ku mbao nyembamba, mitego inaning'inia, na chini maji inanguruma sawa inataka kula mutu. Papa Félicien ku nyumba alikuwa mutu ya kugombana hata na kuku. Pale juu ya maji alikuwa kimya, muzuri.

Kisha miaka tatu, ule muzungu akamaliza kontra yake ya kazi, anarudi kwao. Akapanga vitu vyake vyote ku barza, watu wachague. Kulikuwa kinga ya magurudumu mbili, kulikuwa radio, kulikuwa kitanda ya chuma yenye mipira ya shaba ku miguu. Watu walisukumana juu ya radio. Basile alipita pembeni ya radio, pembeni ya kinga, mpaka mwisho ya barza, pale koti na suruali zilikuwa zimelala juu ya kiti. Hakuzinyakua. Kwanza alikunja mukono ya koti, akaangalia kama ngozi inapasuka ku mukunjo. Akapindua kwapa, pale jasho inaanzaka kula uzi. Akavuta mushono na kucha. Akaweka pua ndani ya kola, akafunga macho. Watu walianza kugongana viwiko. Mwisho akaivaa, na mabega ya koti yakamushuka mpaka karibu ya viwiko, juu muzungu alikuwa mutu munene.

— Inakupita, muzungu akasema.

— Nitakomea na kuijaza, Basile akajibu. Na alikuwa na miaka makumi mbili na ine!

Hakukomea. Alitafuta sindano ya nguvu, ile ya kushona maturubai ya bato, akapaka uzi nta ya nyuki, akakata mabega, akashona upya mwenyewe. Suruali aliipunguza ku kiuno, ku mapaja hakuipunguza hata kidogo. Aliiacha imukamate. Nyi-nyi ilitoka pale.

Na kuichunga! Wanawake wengi ya ile wakati hawakuchunga watoto vile. Akivua, anapangusa na kitambaa yenye kukamuliwa vizuri, ndani na inje. Haweki ku jua, jua inapasua ngozi. Hakunji, juu mukunjo inabaki. Alichonga muti ya kutundika koti, pana sawa mabega ya mutu, juu mabega isikufe. Ndani ya mikono anajaza magazeti. Kila siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, anapaka mafuta ya ng'ombe iliyoyeyushwa na nta ya nyuki. Nta ilitoka kwa watu ya pori, upande ya Masako, na aliichagua kwa kuitafuna. Mafuta ya ngazi, mawese, hapana hata siku moja: inatia ngozi wekundu, na mende wa kwetu wanapenda mawese kupita watu. Alikuwa anapaka na vidole, si na kitambaa, polepole, duara kwa duara, akianzia ku magoti, juu ni magoti inachokaka kwanza.

Kisha Papa Félicien kupokea mahari, Basile alikuwa anafanya ile kazi ku barza yao, na Pétronille anakaa karibu. Karibu, lakini si karibu sana. Ile siku ya kwanza alinyoosha mukono, alitaka tu kusikia ulaini yake. Basile alivuta koti mbio.

— Hapana kugusa.

— Vidole yangu iko na miiba?

— Hapana, Pétronille. Ni vile tu. Mukono ya mutu mwingine inaiharibisha. Iko mwiko yangu.

Mama Marthe, pale ku mafiga, akasikia, akacheka mpaka mwiko ya lituma, ndizi yenye kupondwa, ikamuanguka mu mikono.

— Mwiko! Hiyo ni maneno ya fetishi! Zamani ile dawa ya wanaume ndiyo ilikuwa vile. Mwanamuke asiiguse. Akiigusa, dawa inakufa, na mwenye dawa analala mugonjwa ile siku ile ile. Sasa suruali nayo?

Walicheka wote. Hata Basile alicheka kidogo. Lakini koti hakuirudisha karibu.

Pétronille ilimuuma. Hakusema. Alikaa kwa umbali ya mukeka moja na kuangalia vile vidole vikizunguka juu ya goti nyeusi, na harufu ile, nta na mafuta na kitu ingine sawa pori kisha mvua, ikimujia. Aliipenda ile harufu. Aliipenda na kumuonea wivu ile koti, na hakujua aanzie wapi.

Ndoa ya kanisa ilikuwa karibu. Katekista Théodore alikuwa ametangaza majina yao siku ya Mungu mbili. Ilibaki mara moja tu. Kumbe kazi ikamuita Basile, bato inashuka mpaka Basoko na kupita, atarudi kisha majuma mbili. Ilikuwa miezi ya mvua, na nyumba alipopanga ilikuwa inavuja sawa kitunga. Akamuletea Pétronille mufuko.

— Iko ndani. Weka mahali pakavu. Pakavu kabisa, Pétronille. Na usifungue.

— Na nikifungua?

Basile akaangalia vidole ya miguu.

— Unihurumie tu, usifungue, akasema.

Mvua ile mwaka haikusikia mutu. Siku ya tano, chumvi ikageuka maji mu kopo. Siku ya saba, Pétronille akasikia harufu mbaya mu chumba yake, harufu ya chini ya jiwe. Akaweka pua ku mufuko. Ni pale. Alikaa akiangalia ule mufuko muda murefu. Kisha akafungua, juu nani anaweza kukaa na kitu inaoza na asifungue? Koti ilikuwa imeota ukungu mweupe, toka kola mpaka mifuko, sawa mukate ya zamani. Suruali nayo.

Sasa mumuelewe vizuri. Pétronille alikuwa mutoto ya wavuvi. Ku nyumba ya wavuvi, kitu isiyopashwa kuoza iko na mahali moja tu. Mama anaijua, papa anaijua: ku juu ya moshi. Samaki, mbegu, hata kadi ya ubatizo ya Papa Félicien mu kikopo yake, yote ilikuwa juu ya utala wa samaki, ile chanja ya miti, pale moto ndogo hauzimike. Ni mahali pakavu kupita yote ku muji. Basile alisema nini? Pakavu kabisa. Basi. Alipangusa ukungu, akapitisha muti mu mikono ya koti, akaifunga juu, suruali chini yake, na chini ya suruali ngolo kumi na nane zenye kukunjwa mukia mu mudomo. Akasukuma kuni. Alijiona mwenye akili.

Siku mbili ikapita vizuri. Siku ya tatu, tantine Clothilde, dada ya Papa Félicien, akaja kuomba samaki. Akaingia peke yake mu jikoni ya nyuma. Moshi mingi. Akainua macho, na juu yake akaona mutu mweusi, mikono imenyooshwa, miguu inaning'inia, kichwa hakuna.

Ile kilio ilifika ku maporomoko. Wanaume waliacha mitego.

— Wanakausha mutu! Ku nyumba ya kaka yangu wanakausha mutu!

— Tantine, ni koti! Koti ya Basile!

— Koti inaning'inia na miguu? Nani anakaushaka koti na samaki? Haiko koti! Ni ngozi! Na niko napumua moshi yake, yo!

Bon. Koti au mutu, maneno ilikuwa imetoka. Wazee ya kule walikuwa bado wanakumbuka hadisi ya wale watu ya pori, wale walivaa ngozi ya chui na kuua. Mutu mwenye kujifunga ndani ya ngozi, haikuwa mutu ya kucheka naye. Na sasa kila mumoja akaanza kuongeza yake. Eti Basile anapaka ile kitu mafuta sawa mugonjwa. Eti anaichongea muti yenye mabega. Eti anaongea nayo. Eti hata muchumba yake hana ruhusa ya kuigusa. Ile ya mwisho ilikuwa kweli, na ile kweli ndiyo ilipitisha uongo yote ingine. Mbele ya jua kulala, neno ilikuwa moja tu ku midomo yote: fetishi.

Katekista Théodore akaja na kofia yake chini ya kwapa. Alikuwa mutu ya kwao, mutoto ya maporomoko, lakini tangu kupata kitabu ya mafundisho na kinga ya misioni, alikuwa anaongea na watu sawa anatangaza.

— Papa Félicien, binti yako hataolewa na mutu mwenye fetishi. Siku ya Mungu, kisha misa, itachomwa mbele ya kanisa, watu yote waone. Kisha kuchoma, nitatangaza mara ya tatu. Basile asipochoma, sitangazi. Alors, mahari utairudisha.

— Katekista, ni suruali, Pétronille akasema.

— Mimi naongea na baba yako.

— Na mimi naongea juu ya suruali.

Papa Félicien akamutuma inje. Koti na suruali zikarudishwa mu mufuko, nao ukabaki ku nyumba, chini ya kitanda ya Papa Félicien, kungojea siku ya Mungu.

Siku ya posho, bato ikalia ku muto. Basile akaja na nguo yake ya kazi, mafuta mpaka nyusi. Njiani watu walikuwa wamekwisha kumupigia hadisi. Pétronille alimungojea amesimama. Alikuwa amejipangia maneno.

— Nilifungua mufuko. Ilikuwa inaoza. Niliiweka juu ya samaki. Nilikosa, na sitalia.

Basile akaomba koti. Papa Félicien akaitoa, akairusha ku barza, akakaa pale pale kulinda. Ilianguka na kuita ko! sawa ubao. Basile akapiga magoti. Akaikunja mukono, mukono ikakataa. Akaweka pua ku kola, akafunga macho sawa ile siku ya barza ya muzungu. Alikaa vile.

— Ni samaki gani? Basile akauliza.

— Ngolo.

Akatikisa kichwa.

— Ngolo iko na mafuta mingi. Bahati. Ingekuwa samaki mwembamba, ingepasuka.

Akatoa kopo yake ya nta, akayeyusha, akaanza. Toka ile saa mpaka usiku katikati, alipaka. Ku magoti kwanza. Mikono yake ilikuwa inatetemeka vile alikuwa ametoka mashini moja kwa moja, na ngozi ngumu haikuituliza. Papa Félicien akachoka kuangalia.

— Basile, mutoto yangu. Kesho itachomwa. Kazi gani unafanya?

— Itachomwa, Papa. Ninajua. Nitaichoma mwenyewe. Pétronille iko mumoja tu.

— Sasa unapaka juu ya nini?

— Kama inakufa, ikufe laini.

Papa Félicien akageuza uso, akaanza kugombana na kuku.

Pétronille alikaa kwa umbali yake, umbali ya mukeka moja. Alisikia ile maneno ikishuka ndani yake. Mutu alikuwa anachagua yeye. Msichana mwingine angefurahi, angekimbia kuambia wenzake. Yeye alikuwa anaangalia mikono. Alijiona miaka mingi mbele, anamupa bwana kopo ya maji, na maji inamwangika, na koti iko majivu, na ni juu yake. Na kuko kitu ingine alielewa, na ile ilimukasirisha: si tantine, si katekista. Basile mwenyewe ndiye alifanya ile koti fetishi, siku alisema hapana kugusa.

Siku ya Mungu, misa ikaisha. Mbele ya kanisa Théodore alikuwa amepanga kuni na chupa ya petroli. Watu weupe, weupe, kila mutu na nguo yake nzuri, walifanya duara. Basile alisimama peke yake na shati nyeupe ya kuazima. Walimungojea Papa Félicien na mufuko.

Papa Félicien akaja bila mufuko. Alikuwa na uso ya mutu amepigwa.

— Mufuko iko tupu, akasema. Na binti haiko.

Watu wakaanza kulalamika. Ni pale walisikia. Nyi, nyi, nyi.

Kila mutu akamuangalia Basile. Basile alikuwa amesimama, hatembei. Nyi, nyi, nyi, ikapanda toka muto. Watu wakafungua njia, na Pétronille akaingia katikati ya duara. Amevaa koti. Amevaa suruali, ameikunja mara tatu ku miguu, kanga yake imefungwa juu kwa heshima. Jasho inamushuka, kichwa juu. Mwanamuke na suruali, mu Kisangani ya ile wakati, mbele ya kanisa! Mama Marthe akafunika uso na kitambaa, lakini alibakisha jicho moja.

— Katekista, Pétronille akasema. Wewe ni mutoto ya hapa. Dawa ya mwanaume, mwanamuke akiigusa, inakuwa nini?

Théodore akageuza kofia yake mu mikono.

— Yee! Usiogope, sema! mwanamuke mumoja akapiga kelele toka nyuma.

— Inakufa, tantine Clothilde akajibu mahali pake, juu hakujua kunyamaza. Na mwenyewe anagonjwa ile siku ile ile.

— Merci, tantine. Mimi sikuigusa tu. Nimeingia ndani. Toka asubui. Donc, muangalie Basile. Iko mugonjwa?

Watu yote wakageuka. Na kweli, Basile alikuwa amegeuka rangi ya majivu, mudomo wazi, shati yote imelowa. Watu wakaanza kusema mm, mm. Pétronille akamuona, akaelewa. Kumbe alikuwa ameamini! Mwanaume huyu, na mashini yake na vyuma vyake, alikuwa ameamini kidogo.

Basile akatembea mpaka mbele yake. Akamuangalia toka kola mpaka mikunjo ya miguu. Akainua mukono. Mukono ilikuwa inatetemeka. Akaiweka juu ya bega ya koti, pale alishona mwenyewe, na Pétronille ndani yake. Mukono ikanyamaza.

— Inakubana ku mabega? akauliza.

— Kidogo.

— Nitaifungua mushono.

Kicheko ilianzia kwa wanawake, ikazunguka duara yote. Théodore akapiga mikono.

— Kanisa haiko na hiyo sheria! Mambo ya mwanamuke akigusa, ni maneno ya wapagano!

— Bon, Pétronille akasema. Kama Kanisa haijue sheria ya fetishi, ilijuaje kama hii ni fetishi?

Kama katekista angesema ni fetishi, angekubali sheria ya dawa ya wazee. Kama angesema hapana, aende na petroli yake. Alikuwa angali anatafuta mahali pa kukanyaga wakati mompere, padri mwenyewe, akatoka ku mulango ya kanisa, muzee, miwani ku paji la uso, akavuta pua.

— Théodore, nani aliniletea samaki ya moshi? akauliza. Na kuni hii ni ya kupashia?

Ile siku, matangazo ya tatu ilifanywa inje, mbele ya kuni isiyowashwa, na sauti ya chini.

Ku ndoa Basile alivaa nyeupe, juu Mama Marthe aliapa kwamba vinginevyo angelala mbele ya mulango ya kanisa. Kisha misa akabadilisha. Walicheza mpaka bottes ikafunguka nyayo, na paka tatu ya jirani walimufuata toka mwanzo wa dansi mpaka mwisho, wakilamba nyuma ya koti.

Ile harufu haikutoka. Basile alijaribu nta, alijaribu majani ya ndimu, alijaribu sabuni ya Marseille na maji kidogo. Mwisho akaacha. Sasa mukeka ilikuwa moja, na walikaa wote wawili juu yake, yeye na muguu ya kushoto ya suruali, Pétronille na ya kuume, duara kwa duara, wakianzia ku magoti. Pétronille alikuwa anasema yeye ni mufundi kumupita bwana yake, na mpaka leo hakuna mutu amethubutu kumubishia.

Ile miaka, bato ikisimama ku Basoko na mvua ikinyesha, wenzake walikuwa wanaona Basile amekaa ku kiti karibu ya mashini, koti juu ya magoti, pua ndani ya kola, mikono kimya. Mutu mugeni ya bato alikuwa anauliza:

— Nani iko anapika ngolo humu?

Basile hakuinua kichwa.

— Hakuna, anajibu. Ni bibi yangu.